Gauni la Hadewig Juu ya Benchi

Gisla wa kijiji cha Ebersrode alizaliwa mtu wa madhabahu, na hakuona haya kusema hivyo. Mama yake Oda alikuwa mtu wa madhabahu, na bibi yake pia, na mama wa huyo bibi, ambaye mwaka wa njaa alikwenda kwa miguu yake mwenyewe hadi abasia ya watawa wa kike ya Altenrode, akalaza kichwa juu ya jiwe la madhabahu, akapewa mkate. Tangu siku hiyo kila aliyetoka katika matumbo ya wanawake wa ukoo ule alikuwa mali ya mtakatifu wa Altenrode. Baba hakutazamwa. Angeweza kuwa mchunga nguruwe au mwana wa mfalme, lakini kwetu mtoto humfuata mama.

Watu hawa hawakuuzwa wala hawakupigwa ovyo. Walilima, walifuma kitani, walioana kwa ruhusa ya watawa, na kila sikukuu ya mtakatifu walipeleka nta ya mishumaa. Lakini mwanamke akifa, gauni lake lililo bora kuliko yote lilikuwa la abasia. Kabla ya maiti kutolewa nyumbani, wanawake wa ukoo walilikunja gauni hilo, mikono yake ikiwa ndani, wakaliweka juu ya benchi kando ya mlango na mshipi juu yake. Hakuna aliyekaa kwenye benchi hilo mpaka mtu wa abasia aje kulichukua. Wasichana wa Ebersrode walijua kulikunja kabla hawajajua kusokota uzi. Mwanamke aliyezikwa huku gauni lake likibaki sandukuni, watu walisema ameingia kaburini na mali ya wizi.

Gisla alikuwa na mdogo wake, Hadewig. Bwana Ekbert, mwenye ngome ya Wolkersberg juu ya kilima, alimwona Hadewig akiloweka kitani mtoni, akampenda. Nasema akampenda kwa sababu ni kweli. Hakumtaka wa kuchezea, alimtaka awe mke wa ndoa. Na hapo ndipo penye shida. Ekbert alikuwa mwungwana, mwana wa waungwana. Akimwoa mtu wa madhabahu, watoto wake wangekuwa mali ya Altenrode, na ngome ingekwenda kwa binamu yake. Alimwomba Mama Mkuu wa abasia amwachilie binti. Mama Mkuu akajibu kwamba hawezi kutoa kitu kisicho chake, kwa kuwa binti ni wa mtakatifu.

Masika yale mto ulifurika. Oda akatoka nyumbani akipiga yowe kwamba maji yamemchukua Hadewig. Gauni la bluu la msichana likawekwa juu ya benchi, na kijana mmoja wa abasia aitwaye Volkmar akaja, akavua kofia, akalichukua. Machozi ya Oda yalikuwa ya kweli, na katika jambo lile hakuna kingine kilichokuwa cha kweli. Kabla ya mavuno bibi arusi akafika Wolkersberg usiku, amefunikwa uso. Watu waliambiwa ametoka nchi ya mbali, Westfalia, binti wa waungwana waliokufa wote kwa tauni.

Gisla mwenyewe alimlilia mdogo wake kama wengine. Hakuambiwa. Alikuwa akifuma nyumbani kwa Oda pale Bwana Ekbert alipowapelekea watawa pipa la chumvi na kuomba mfumaji hodari, akamtaja Gisla kwa jina. Watawa wakampa ruhusa. Alipanda kilima na kifurushi chake akidhani anakwenda kufuma majira ya baridi moja tu. Akaingizwa katika chumba cha wanawake, na ndani akamkuta maiti wake amekaa dirishani, mjamzito.

"Funga mlango," alisema Hadewig.

Gisla akaufunga, mgongo wake ukabaki umeegemea mbao. "Wewe si ulikufa?"

"Nilikufa. Njoo unikande kiuno, kinaniuma."

"Mama anajua?"

"Nani alilia kama mama?"

Bwana Ekbert akaja jioni ile kuweka masharti. Hakuwa mtu wa kufoka. Alisimama karibu na kitanda cha kufumia, akisugua uzi kwa vidole kama mtu anayetaka kununua.

"Humu ndani huyu ni bibi mkubwa, na wewe ni mfumaji. Usimwite dada, hata mkiwa wawili. Na lango la ngome hutalivuka."

"Mpaka lini, bwana?"

"Mpaka nitakapokuambia."

Hakumwambia kamwe, na kila mwaka watawa walipelekewa pipa jingine la chumvi.

Chumba kile kilikuwa na dirisha jembamba la mawe. Ukibana shavu ukutani uliona moshi wa Ebersrode, lakini nyumba hukuziona. Gisla alifuma humo, akala humo mkate mweusi na kabichi, akazeeka humo. Ajabu ni kwamba bibi mwenyewe hakuwa na nafasi kubwa kuliko yake. Hadewig hakushuka sokoni. Hakwenda sikukuu ya mtakatifu, alisema kichwa kinamwuma. Wageni wakifika alikaa mbali na mwanga. Kila mzee kutoka bondeni angeweza kumkazia macho na kujiuliza amemwona wapi. Mlango wake haukuwa na komeo, lakini hakuufungua.

Wapishi walimtania Gisla, kwa kuwa hawakujua. Ermgard, mpishi mkuu, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi, alimletea supu na maneno.

"Wewe Gisla, utakufa hujaliona soko. Una mume gani huko chini unayemkwepa?"

"Ninao wengi. Nikishuka watapigana."

"Kwa pua hiyo?"

"Ndiyo hiyo wanayoigombania."

Siku moja mchuuzi wa nguo alisema uani, akiongea mambo mengine, kwamba mzee Oda wa Ebersrode amezikwa. Gisla alisikia akiwa dirishani. Hadewig alisikia pia, akaendelea kudarizi. Hakuna aliyelia, kwa sababu Ermgard alikuwa chumbani. Baadaye Gisla aliuliza kwa sauti ndogo, "Nani alimkunjia gauni?" Nani basi, wakati binti zake wote wawili walikuwa juu ya kilima, mmoja maiti na mwingine mfumaji?

Mtoto aliyezaliwa aliitwa Richiza. Alilelewa kama mabinti wa ngome wanavyolelewa, akajua kupanda farasi na kushika mwewe mkononi, na aliyemlea hasa ni Gisla. Alimwita yaya. Alikuwa msichana wa kuuliza maswali.

"Jamaa zangu wa upande wa mama wako wapi, yaya?"

"Wamekufa, bibi mdogo."

"Wote?"

"Wote. Na hizo soksi ulizozitupa chini, ziokote."

"Hata mmoja hakubaki wa kunigombeza?"

Gisla akainama mwenyewe, akaziokota soksi.

Richiza alipofika umri wa kuolewa, alichumbiwa na Dietmar wa Starkenau, kijana mpole, mwana wa mjane mkali aitwaye Bibi Lukardis. Mama na mwana walifika Wolkersberg kukamilisha maneno ya ndoa. Katika siku hizo hizo Hadewig, aliyekuwa akikohoa tangu majira ya baridi, alizidiwa, na asubuhi moja akafa, wageni wakiwa ndani ya nyumba.

Gisla alimwosha peke yake. Alimchana, akamfunga kidevu, akamvika sanda ya kitani aliyoifuma kwa mkono wake. Kisha akafungua sanduku, akatoa gauni jekundu la sufu lenye ukingo wa manyoya. Akalikunja, mikono ndani. Akaliweka juu ya benchi kando ya mlango, akauweka mshipi juu yake, akarudi kupiga magoti karibu na maiti. Hakuwaza. Alifanya jambo ambalo wanawake wa Ebersrode hulifanya ndugu yao akifa, na miaka yote ya kunyamaza haikuifikia mikono yake.

Bibi Lukardis aliingia kutoa heshima. Alikuwa na umri, miguu ilimsumbua, na alilielekea benchi ili akae. Hakukaa. Alibaki amesimama mbele yake kwa muda mrefu, na kwa kule kutokaa kwake Gisla akageuka, akaliona benchi, akajua alilolifanya.

"Gauni hili ni la nani?" Bibi Lukardis aliuliza.

"La marehemu, bibi."

"Hilo naliona. Linamngoja nani?"

"Ni mazoea tu, bibi. Mimi ni mtu wa Altenrode. Kwetu tunafanya hivyo."

"Najua mnavyofanya. Nina vijiji vya watu kama nyinyi, nimeona mabenchi kama haya maisha yangu yote. Mnamfanyia nani? Kila maiti mnayekutana naye?"

Gisla akainyoosha sanda iliyokuwa imenyooka tayari.

"Mama yangu alipofariki, aliyemwosha alikuwa mtu wa madhabahu kama wewe. Hakuweka gauni lake kwenye benchi. Alijua huyu si wao." Akamtazama Hadewig usoni, kisha Gisla, kisha tena Hadewig. "Pole kwa msiba, mama," akasema, akatoka.

Hakumtangazia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ekbert, na maneno yake yalikuwa machache. Mwanawe ataoa mwungwana au hataoa. Kwa desturi, uungwana wa mwanamke huthibitishwa na ndugu wa upande wa mama, na hapa inasemekana wote wamekufa. Basi mfumaji huyu aliyekaa na marehemu miaka yote aape juu ya mifupa ya mtakatifu kwamba marehemu alizaliwa na mama mwungwana. Na mtu wa Altenrode awepo. "Kama ni wao, waseme leo," alisema. "Sitaki waje kuniambia nikiwa na wajukuu." Mjumbe akapelekwa abasia siku hiyo hiyo, na mazishi yakangoja.

Bwana Ekbert alimfuata Gisla chumbani. Alikuwa amezeeka kwa siku moja.

"Utasema mama yake alikuwa mwungwana. Maneno hayo tu."

"Juu ya mifupa, bwana?"

"Juu ya mifupa."

"Na roho yangu itakwenda wapi?"

"Nitajenga kanisa. Mapadre watakuombea kila siku mpaka mwisho wa dunia."

"Bwana, umekuwa ukinijengea kuta tangu nilipofika hapa."

Uso wake ukabadilika. "Usipoapa, mtoto uliyemlea atakuwa mali ya watawa. Watamchagulia mume miongoni mwa watunza ng'ombe wao. Watoto wake pia, na wa watoto wake. Chagua." Akatoka.

Ekbert hakuwa mtu mwovu. Lakini alipenda kitu, akakichukua, na gharama yake akawaachia wanawake waitoe. Wapo wengi wa namna hiyo, na mara nyingi husifiwa kwa upendo wao.

Gisla aliamua kuapa. Alishuka jikoni, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, akasimama karibu na Ermgard aliyekuwa akinyonyoa bata.

"Ermgard, mtu akiapa uongo juu ya mifupa, huanguka palepale?"

"Mjomba wangu aliapa kwamba hakuiba mzinga wa nyuki. Akaishi mpaka meno yakamwisha."

"Na baadaye?"

"Baadaye sijui. Hajarudi kutusimulia." Akamtazama Gisla, akaacha kunyonyoa. "Una nini wewe?"

"Sina kitu."

Alipopanda tena alimkuta Richiza chumbani, macho yamevimba, ameshika gauni lake mwenyewe la kijani.

"Yaya, nikunjie hili."

"Sasa hivi?"

"Likunje kama ulivyokunja la mama."

Mikono ya Gisla ilisita, kisha ikakunja.

"Mama alikunja hivyo hivyo," alisema Richiza. "Nguo zake zote. Mikono ndani, mshipi juu. Nilidhani ndivyo wanavyokunja Westfalia." Akasubiri. "Wewe ni nani kwangu?"

"Mimi ni yaya wako."

"Nakuuliza kabla hujaapa. Baada ya hapo sitakuuliza, maana sitakuamini."

Gisla akakaa kitako sakafuni. "Mama yako alikuwa Hadewig, mdogo wangu. Tumbo moja. Mama yetu ni Oda wa Ebersrode, mtu wa madhabahu."

Richiza hakulia. Alikwenda dirishani, akabana shavu ukutani kama mama yake alivyokuwa akifanya. "Kumbe ndiyo sababu hakushuka sokoni."

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa humu kwa ajili hiyo."

"Ndiyo."

"Na kesho utaapa."

"Nitaapa, utaolewa, yataisha."

"Yataisha vipi? Nikishika mimba huko Starkenau nitamwita nani? Nitakuita wewe, nikufungie na huko?"

"Nimeshazoea, mwanangu."

"Hilo ndilo linaloniogopesha," alisema Richiza, akachukua gauni lake, akaondoka.

Asubuhi yake walikusanyika katika kanisa dogo la ngome. Maiti alikuwa mbele, amefunikwa. Bwana Ekbert alisimama upande mmoja, Bibi Lukardis na Dietmar upande wa pili. Padre alikuwa ameshika kisanduku cha fedha chenye mifupa. Mtu wa Altenrode alikuwa Volkmar yule yule, sasa msimamizi mzee mwenye kofia ile ile ya kuvua mbele ya maiti.

Gisla aliitwa. Alisogea mbele, akanyoosha mkono, na padre akakisogeza kisanduku karibu ili kumsaidia. Ndipo mlango ukafunguliwa, na Richiza akaingia. Alikuwa amelibeba gauni jekundu. Aliliweka juu ya benchi la mlangoni, akauweka mshipi juu yake. Mshipi ukateleza, akauweka tena.

"Bwana Volkmar," alisema, "hili ni gauni la mama yangu, Hadewig binti Oda wa Ebersrode. Ni lenu."

"Richiza, nyamaza," alisema Ekbert.

"Nimenyamaza tangu nizaliwe, baba. Ila sikujua kwamba ninanyamaza."

Padre akakirudisha kisanduku kifuani. Mkono wa Gisla ulibaki hewani, hauna pa kushika.

Volkmar alivua kofia, akalitazama gauni bila kuligusa. "Hadewig binti Oda," alisema polepole. "Nilikuja kuchukua gauni lake mwaka wa mafuriko. La bluu. Mama yake alinishika mkono akilia."

"Aliogopa," alisema Gisla.

"Huenda." Akalichukua gauni jekundu, akaliweka chini ya kwapa. Akamtazama Richiza, wala si kwa ukali, lakini kwa namna mtu anavyomtazama ng'ombe wake aliyepotea na kuonekana. "Basi na wewe ni wetu. Mama Mkuu ataamua utakaa wapi."

Bibi Lukardis alimshika Richiza bega. "Pole, binti. Umefanya jambo ambalo nisingelifanya." Yeye na mwanawe wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Pale langoni Dietmar aligeuka kutazama nyuma, mama yake akamwita.

Mama Mkuu aliamua Richiza akae katika nyumba ya kufumia ya abasia, na Gisla apelekwe huko huko. Hadewig alizikwa kama mtu wa madhabahu, na Ekbert akabaki na ngome ambayo hakuwa na wa kumwachia ila binamu yake. Wanawake wale wawili waliteremka kilima kwa miguu, na Gisla akavuka lango lile bila kuulizwa na mtu. Magoti yake hayakuwa yamezoea mteremko. Richiza alikuwa mbele, hakumngoja.

Kwenye nyumba ya kufumia Richiza alifuma vibaya. Uzi ulimkatika, na wanawake wengine wakacheka.

"Bibi wa ngome, hapa hatufumi kwa mwewe."

Gisla alipotaka kumfungia uzi, Richiza alimwondoa mkono.

"Usidhani nimekusamehe," alisema. "Nilikutoa kwenye kiapo. Yale mengine mliyofanya sijayafikia bado."

"Sawa."

"Na usiniitikie sawa kila kitu. Humu wewe si mtumishi wangu."

"Basi shika uzi vizuri. Unashika kama unashika mkia wa panya."

Richiza akaushika vizuri.

Mlango wa nyumba ile ulifungwa kwa komeo kila jioni, na mtawa mmoja alikuwa na ufunguo kiunoni. Mara ya kwanza Gisla aliposikia komeo likiingia, alitazama upande wa Richiza, akiogopa. Richiza alikuwa akivua viatu. "Afadhali mlango huu," alisema. "Najua ufunguo anao nani."

Siku ya mtakatifu wafumaji waliruhusiwa kwenda sokoni. Richiza alikwenda pamoja na wengine, uso wazi, katikati ya mchana, mahali ambapo mama yake hakuthubutu kukanyaga. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya vitana vya mfupa wakati mwanamke mmoja mzee, muuza jibini kutoka Ebersrode, alipomkazia macho bila aibu.

"Wewe," alisema yule mzee, "hiyo pua nimewahi kuiona. Hiyo ni ya Oda."

Gisla alisimama nyuma ya Richiza, akamvuta mkono waondoke.

"Ni ya Oda," alisema Richiza. "Mimi ni mjukuu wake. Mtoto wa Hadewig."

"Hadewig alikufa maji."

"Hapana, mama. Kaa nikueleze."

Wakakaa, na mzee akawakatia jibini. Richiza akaeleza yote, tangu mafuriko mpaka benchi, na Gisla akaongeza pale alipokosea. Kisha kengele ya abasia ikalia, wafumaji wote wakanyanyuka, wakarudi ndani, na mlango ukafungwa.